"Amekufa Maji": Tathmini ya Mfumo wa Marekani wa Kuunganisha Taarifa za Vifo vya Ukatili

Katika mialo ya Ziwa Tanganyika, yaani sehemu za ufukweni ambako wavuvi hutia nanga, kuanzia Kibirizi hadi Katonga, mtu anayeopolewa ziwani akiwa amekwisha kufariki huelezwa kwa maneno mawili tu: amekufa maji. Maneno hayo yanatosha msibani, ambako kila aliyekaa chini ya turubai ama anajua kilichotokea ama anamstahi mfiwa kwa kutouliza. Kwa mtunza takwimu za afya hayatoshi, kwa kuwa yanataja namna ya kufa na kunyamaza kuhusu nia. Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, toleo la kumi, lina msimbo wake kwa kila hali: V90 kwa aliyezama baada ya chombo cha majini kupata ajali, X92 kwa aliyezamishwa na mtu mwingine, X71 kwa aliyejizamisha mwenyewe, na Y21 kwa yule ambaye nia iliyo nyuma ya kifo chake haikubainika. Mwandishi wa misimbo anayepokea karatasi iliyoandikwa "kuzama", bila neno jingine, huishia kwenye W74, kuzama kusikofafanuliwa, ambako huhesabiwa miongoni mwa ajali. Kwa njia hiyo mtu aliyesukumwa kutoka mtumbwini anaweza kuingia katika vitabu vyetu kama aliyepata ajali, na akabaki humo milele.

Swali hilo la nia ndilo lililonifanya nitumie miezi mitatu, jioni baada ya kazi, kuuchunguza mfumo wa Marekani unaojulikana kwa kifupi kama NVDRS, yaani Mfumo wa Taifa wa Kuripoti Vifo vya Ukatili, unaoendeshwa na CDC, taasisi ya nchi hiyo ya kudhibiti na kuzuia magonjwa. Mimi ni mtunza kumbukumbu za afya mkoani Kigoma, na wakati huo nilikuwa ninaandaa mafunzo ya siku mbili kwa wenzangu wa vituo vya afya na mochwari. Nilivyovipima ni vitu vitatu ambavyo mtu yeyote mwenye intaneti huvipata bila malipo: dirisha la takwimu la umma liitwalo WISQARS, mwongozo wa kuandika misimbo, na ripoti za mwaka zinazochapishwa katika jarida la CDC. Hifadhidata kamili hutolewa kwa watafiti kwa maombi maalumu na masharti. Hiyo sikuigusa, na kwa hiyo sitaihukumu.

Chimbuko la mfumo huu liko barabarani. Tangu 1975 Marekani imekuwa na mfumo wa FARS, unaorekodi kila ajali ya barabarani iliyosababisha kifo, pamoja na hali ya barabara, ya chombo na ya dereva. Watafiti wa afya ya jamii waliona kwamba aliyegongwa na gari alikuwa na kumbukumbu ya kina kitaifa kuliko aliyepigwa risasi, ambaye cheti chake kilikaa ofisi moja, ripoti ya daktari ofisi nyingine, na jalada la polisi ofisi ya tatu. Mwaka 1999 lilianza jaribio la kuziunganisha karatasi hizo, likiratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2002 CDC ikaanza kugharimia majimbo sita. Taarifa za kwanza, za mwaka 2003, zilitoka majimbo saba. Na ilipofika 2018 majimbo yote 50 yalikuwa yamejiunga, pamoja na Wilaya ya Columbia na Puerto Rico. Hiyo ni miaka kumi na sita kwa nchi yenye utajiri ule. Ninaitaja hesabu hiyo kwa makusudi, kwa sababu kwetu mradi ambao haujaenea mikoa yote katika miaka mitatu huanza kuitwa mradi ulioshindwa.

Kitengo cha msingi cha mfumo ni tukio. Vifo vinavyohusiana, ambavyo majeraha yake yalitokea ndani ya saa 24, huingizwa katika faili moja pamoja na taarifa za washukiwa. Tuchukue mfano wa mume anayemuua mkewe alfajiri, kisha akajiua kabla ya adhuhuri. Katika usajili wa kawaida wa vifo, wa kwao na wa kwetu, wawili hao wanatengana ofisini: mke anahesabiwa katika mauaji, mume anahesabiwa katika waliojiua, na hakuna jedwali litakaloonyesha kwamba vifo hivyo viwili vilikuwa vya nyumba moja na asubuhi moja. Mpangaji wa huduma akiutazama mstari wa waliojiua atafikiria afya ya akili, akiutazama mstari wa mauaji atafikiria polisi, na ule ugomvi wa ndoa, ambao huenda majirani, balozi wa nyumba kumi na dawati la jinsia walikuwa wanaujua kwa miezi mingi, hautaonekana popote. NVDRS inawaweka wote wawili katika faili moja na kuuliza uhusiano wao ulikuwa upi. Nimefanya kazi ya takwimu kwa miaka mingi na sikuwahi kufikiri kwamba uamuzi mdogo namna hiyo, wa kuhesabu tukio kabla ya kuhesabu mwili, ungeweza kubadilisha kiasi hicho kile ambacho jedwali linaweza kusema.

Vyanzo ni vitatu. Cha kwanza ni cheti cha kifo, kinachotoa umri, jinsi, makazi na sababu ya kifo kwa misimbo. Cha pili ni ripoti ya mchunguzi wa vifo au ya daktari aliyeufanyia mwili uchunguzi, ambayo hubeba pia majibu ya maabara kuhusu pombe, dawa na sumu. Cha tatu ni ripoti ya polisi, yenye mahali, silaha, na jinsi marehemu na mshukiwa walivyofahamiana. Waandishi wa misimbo wa jimbo huzisoma zote na kujaza mfumo wenye sehemu zaidi ya 600, ingawa hakuna kifo kimoja kinachozihitaji zote. Kisha huandika simulizi mbili fupi: moja kutokana na ripoti ya mchunguzi wa vifo, nyingine kutokana na ripoti ya polisi.

Simulizi hizo mbili ndizo zilizonigusa kuliko sehemu nyingine yoyote, na ninaomba nikae hapo kidogo. Katika ofisi nyingi nilizopitia, karatasi mbili zinapotofautiana, mkubwa wa kazi huamua toleo moja, na toleo jingine hupotea. Anayekuja kusoma baada ya miaka mitano hukuta maelezo yaliyonyooka ambayo hayamwonyeshi kwamba kulikuwa na shaka. Mfumo huu umetenga nafasi mbili tangu mwanzo. Ikiwa daktari aliona alama shingoni na polisi akaandika kwamba marehemu aliteleza, maelezo yote mawili yanabaki, kila moja na mwenyewe, na msomaji anaweza kuona mahali walipoachana. Kuiheshimu tofauti ya namna hiyo ni kumheshimu marehemu.

Zipo pia sehemu za mazingira yaliyotangulia kifo: ugomvi wa wapenzi, matatizo ya kazi, shida za fedha, kufukuzwa katika nyumba, maradhi ya mwili, sonona, ulevi. Kwa baadhi ya hayo mwandishi huulizwa kama jambo lilikuwa la dharura, maana yake lilitokea ndani ya wiki mbili kabla ya kifo au lilitarajiwa ndani ya wiki mbili zilizofuata, kama vile tarehe ya kufika mahakamani. Ni maswali ambayo mzee yeyote wa mtaa angeyauliza msibani kwa sauti ya chini, na hapa yamepewa safu katika kumbukumbu za taifa. Oregon, iliyokuwa miongoni mwa majimbo sita ya mwanzo, ilitumia taarifa za aina hii kuandaa mpango wa kuzuia kujiua kwa wazee, baada ya kuonekana kwamba wengi wao walikuwa na maradhi ya mwili na kwamba si wachache walikuwa wamemwona daktari katika mwezi wa mwisho wa maisha yao. Maana yake ni kwamba palikuwa na mlango, na mtu aliyekuwa anahitaji msaada alipita katika mlango huo bila kuulizwa. Taarifa iliyofika hapo imeshalipa gharama yake.

Neno "ukatili" ninalitumia hapa kwa kukosa jingine, na ni haki msomaji alijue tatizo hilo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ukatili matumizi ya nguvu au mamlaka kwa makusudi, yawe ya kweli au ya vitisho, dhidi ya nafsi ya mtu mwenyewe, dhidi ya mtu mwingine, au dhidi ya kundi au jamii. Kwa tafsiri hiyo aliyejiua amo ndani, na katika NVDRS waliojiua ndio zaidi ya nusu ya vifo vyote vinavyorekodiwa. Kiswahili cha kawaida hakimwiti marehemu huyo mwathirika wa ukatili. Tunasema amejinyonga, amekunywa sumu, amejitupa ziwani, na mara nyingi tunanyamaza kabisa. Wanafunzi wangu walishangaa kuona mauaji, kujiua, vifo vilivyosababishwa na askari akiwa kazini, vifo vya bunduki iliyofyatuka kwa bahati mbaya, na vile ambavyo nia yake haikujulikana, vyote vikiwa katika mfumo mmoja. Nami nilishangaa mwanzoni. Baada ya kuusoma mwongozo nilielewa kwamba aina hizo zimewekwa pamoja kwa sababu mpaka kati yake unavuka kwa urahisi: kifo kilichoanza kuandikwa kuwa ajali huweza kugeuka kuwa mauaji uchunguzi unapoendelea, na mfumo unaoshughulika na upande mmoja tu ungekipoteza njiani.

Mwongozo wenyewe ndio sehemu bora ya huduma hii. Ni mrefu, ni mkavu, na unachosha macho usiku, lakini kila sehemu ya kujazwa imefafanuliwa na kutolewa mifano ya lini ijazwe na lini iachwe. Mtu wa Kasulu na mtu wa Oregon wakipewa karatasi zilezile wangekaribia kuandika kitu kilekile, na hicho ndicho kipimo cha mwongozo wa takwimu. Umeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini chenye vifupisho vingi, na anayetaka kuutumia kufundishia hapa itambidi afanye kazi ya kuufasiri kwanza. Kwangu kurasa chache tu zilichukua majuma manne.

Kasoro yake kubwa niliikuta humohumo mwongozoni. Sehemu nyingi za mazingira zina majibu mawili tu. Jibu la kwanza ni ndiyo. La pili linabeba kwa pamoja hapana, haikupatikana, na haijulikani. Maana yake ni kwamba askari aliyeuliza familia kuhusu madeni na kuambiwa hayakuwapo, na askari ambaye hakuuliza kabisa, wote wawili wanaacha alama ileile. Ukisoma jedwali na kukuta kwamba sehemu ndogo ya waliojiua walikuwa na matatizo ya fedha, huwezi kujua kama hawakuwa nayo au kama hakuna aliyeuliza. Ninaelewa sababu, kwa kuwa mwandishi wa misimbo husoma tu yaliyoandikwa na wengine na hawezi kurudi nyumbani kwa marehemu. Hata hivyo kwa mfumo uliojengwa kwa uangalifu kiasi hiki, kuuchanganya ukimya na kanusho ni jambo linaloniuma, na mtu yeyote atakayeuiga asikubali kulirithi.

Dirisha la umma, WISQARS, halina uzuri wa mwongozo. Unachagua mwaka, jimbo, aina ya kifo, umri, jinsi na mazingira, nalo linakupa jedwali. Kwa mwanafunzi anayejifunza kuuliza swali la takwimu ni chombo kizuri, na nimekitumia darasani kwa manufaa. Simulizi hazimo, jambo ambalo ni sahihi, na namba ndogo hufichwa ili mtu asitambulike, jambo ambalo ni sahihi zaidi. Tatizo ni kwamba ramani inaonekana kamili kuliko ilivyo: kwa miaka kadhaa majimbo makubwa kama California na Texas yamekuwa yakikusanya taarifa kutoka kaunti kadhaa tu, na maelezo ya hilo yako pembeni, ambako msomaji mwenye haraka hafiki. Taarifa za mwaka mmoja pia hufungwa baada ya zaidi ya mwaka mwingine kupita, kwa kuwa majalada ya polisi na majibu ya maabara huchelewa. Anayetaka kujua kinachotokea mwezi huu hatakipata hapa.

Kuna udhaifu mwingine ambao haukutokana na mfumo. Katika kaunti nyingi za Marekani mchunguzi wa vifo ni mtu aliyechaguliwa kwa kura na halazimiki kuwa daktari, na katika kaunti nyingine kazi hiyo hufanywa na daktari bingwa. Karatasi za watu hao wawili huingia katika mfumo zikiwa na uzito sawa. Nilipowaeleza wenzangu jambo hilo walipumua kidogo, kwa sababu wengi wao hudhani kwamba takwimu za nchi tajiri hutoka katika mikono ya mabingwa peke yao.

Hapa kwetu karatasi zipo. Hili ni jambo ambalo wageni wengi hawalijui na sisi wenyewe tunalisahau. Kifo husajiliwa kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, mtu aliyejeruhiwa huja hospitalini na fomu ya polisi namba tatu, mochwari ina daftari lake, polisi wana jalada, ofisi ya mtaa au kijiji ina kitabu, na Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, imeweka utaratibu wa kuchunguza kifo kinachotia shaka. Takwimu za vituo hupanda kila mwezi kupitia MTUHA, yaani vitabu na fomu za taarifa za huduma za afya, hadi kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2. Kinachokosekana ni uzi. Hakuna namba moja inayoandikwa juu ya karatasi zote za kifo kimoja, na zinapofika kwenye jumla ya mwezi, mtu aliyekuwa na jina, umri na mwalo wake anakuwa tarakimu ndani ya kisanduku, na hakuna njia ya kumrudia.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo nilichokuwa nikifanyia kazi, uliletwa mwili wa kijana aliyeopolewa ziwani. Daftari la mochwari liliandikwa kuzama. Kitabu cha mtaa kiliandikwa ajali ya mtumbwi. Baadaye sana, kwa bahati tu, nilifahamu kwamba polisi walikuwa wamefungua jalada la mauaji. Vitabu vitatu vilikuwa vimeandika vifo vitatu vya mtu mmoja, na ripoti yetu ya mwezi ilikwisha kwenda ikiwa na ajali. Nilikwenda kwa mzee aliyekuwa akihudumu mochwari, nikamwamkia na kumuuliza kama alikuwa na namba yoyote ya polisi, ile ya RB ambayo kituo hutoa taarifa inapofunguliwa.

"Mwanangu," aliniambia, "askari alikuja na karatasi yake, akaondoka nayo. Mimi nimeandika alichokuwa nacho marehemu: shati, mkanda, na uzi wa nyavu mkononi. Namba sikupewa, na mahali pa kuiandika hapapo."

Daftari lake lilikuwa safi na lenye mwandiko mzuri kuliko rejista nyingi za wodini. Hakukuwa na uzembe kwake. Safu ya kuandikia namba haikuwapo, na kwa kuwa haikuwapo hakuna aliyewahi kuitafuta.

Kwa sababu hiyo siungi mkono wazo la kuuchukua mfumo wa Marekani mzima na kuutua Kigoma. Baadhi ya maswali yake hayatuhusu sana, kama vile maelezo marefu kuhusu aina ya bunduki, kipimo cha risasi na jinsi silaha ilivyohifadhiwa nyumbani. Maswali yetu mengine hayamo kabisa. Katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa, Tabora ikiwamo, wazee, na hasa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikiyataja mauaji hayo mwaka baada ya mwaka. Katika orodha ya mazingira niliyoisoma sikukuta sehemu ya tuhuma za uchawi, wala ya mgogoro wa shamba kati ya ndugu, wala ya wananchi kumpiga mtu hadi kufa baada ya kupigiwa ukelele wa mwizi. Orodha hiyo ilijengwa kutokana na yale ambayo polisi wa huko wanayaona. Yetu itabidi ijengwe kutokana na yanayoonekana Nzega, Urambo, Kibondo na Uvinza, na ianze kwa kuwauliza askari kata na watendaji wa vijiji ni mambo gani wanayoyakuta.

Kuna pia suala la sheria na aibu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Familia inayomficha aliyenusurika kwa hofu ya polisi haiwezi kutarajiwa kufunguka kuhusu aliyefariki, na ndiyo maana katika mahojiano marehemu huwa na presha, au aliteleza, au alikuwa na safari ya usiku. Njia ya kuwafikia tunayo, na tulikuwa nayo kabla ya NVDRS kuzaliwa: mradi wa AMMP, ulioanza 1992 Dar es Salaam, Hai na Morogoro, uliwatuma wahojaji nyumbani kwa wafiwa kuuliza kwa utaratibu dalili na matukio ya siku za mwisho, ili chanzo cha kifo kikadiriwe hata pale ambapo marehemu hakufika hospitalini. Mahojiano kama hayo, yakifanywa baada ya arobaini na mtu aliyefundishwa kunyamaza na kusubiri, yangeweza kuwa chanzo cha nne ambacho Wamarekani hawana, nayo yangeziba sehemu ya pengo la ukimya nililolilalamikia. Afrika Kusini, kwa upande wao, walianza 1999 kukusanya taarifa za vifo vya majeraha moja kwa moja kutoka mochwari. Kwa mifano hiyo miwili hatuanzii sifuri.

Jambo linalonitia hofu ni faragha, na hapa ninaomba msomaji anivumilie kwa kuwa mkali. Katika mfumo wa Marekani majina hubaki jimboni na hayapelekwi CDC, na simulizi huandikwa bila utambulisho. Kwa mji wenye watu milioni hiyo ni kinga ya kutosha. Kwa kijiji chenye kaya mia mbili kando ya ziwa, ukiandika kwamba mvuvi wa miaka thelathini na nne alifariki usiku wa mbalamwezi baada ya kugombana na shemeji yake, umeshataja jina. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako baadhi ya watu wamekimbia watu wenye silaha, simulizi iliyovuja inaweza kumdhuru aliye hai. Yeyote atakayeanzisha kitu kama hiki mkoani aamue kwanza nani anashika ufunguo wa kabati, kabla hajaamua rangi ya fomu.

Kwa vipimo vya tathmini, mwongozo ninaupa nyota tano, muundo wa mfumo nyota nne, kwa sababu ya kile kisanduku kinachochanganya hapana na haijulikani, na dirisha la umma nyota tatu. Ninaupendekeza kwa watunza kumbukumbu, kwa wanafunzi wa afya ya jamii, kwa maofisa wa dawati la jinsia na kwa waandishi wa habari wanaoandika juu ya mauaji. Anayeanza asiyakimbilie majedwali. Asome kwanza maelezo ya maana ya tukio na ya vyanzo vitatu, kisha sehemu ya mazingira, na baada ya hapo ndipo afungue WISQARS akiwa na swali lake mkononi. Wanaoona kwamba jambo hili linahitaji nchi nzima ndipo liwezekane wakumbuke kwamba Alaska, mojawapo ya yale majimbo saba ya 2003, ilikuwa na watu wapatao 733,000 kwa sensa ya 2020, wakati Mkoa wa Kigoma peke yake ulihesabu zaidi ya milioni 2.4 mwaka 2022.

Katika siku ya pili ya mafunzo niliandaa kifo kimoja cha kubuni, cha mtu aliyeopolewa ziwani, na kukiandikia karatasi tatu. Kundi la kwanza lilipewa karatasi ya mochwari peke yake, likaandika W74. Kundi lililopewa kitabu cha mtaa liliandika V90. Kundi la polisi liliandika X92. Kisha nikawakalisha meza moja, wakasomeana, na kwa zaidi ya saa nzima chumba kilijaa mabishano ambayo sijawahi kuyasikia katika mafunzo ya takwimu. Mwishowe waliafikiana juu ya Y21 mpaka daktari atakapotoa ripoti, na wakataka kila kundi liandike simulizi yake. Mhudumu mmoja wa mochwari, mtu mzima aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliniomba rula. Alifungua daftari alilokuja nalo kutoka kazini, akapiga mstari wima pembeni mwa kila ukurasa uliobaki, na juu ya safu hiyo mpya akaandika kwa herufi kubwa: NAMBA YA RB.